Sherwani ya harusi kutoka India: namna ya kuagiza ukiwa mbali

Mdogo wangu alioa akiwa na mifuko karibu na mgongo. Sherwani yake ilitoka Delhi, hariri safi, zari inawaka, lakini kifua kilikuja inchi 47 na yeye ni mtu wa 39. Fundi wa mtaani alibana ubavuni huku na huku hadi ikamkaa, na kila alipobana, mifuko ikazidi kurudi nyuma. Siku nzima akitaka leso anajipapasa kama mtu anayewashwa.

Hakuna aliyetuibia. Fundi wetu hapa Dar alimpima 39, akaongeza inchi 4 za kupumua kama anavyofanya kwa koti lolote, akaandika 43. Kule waliposoma 43 wakadhani ni kipimo cha mwili, nao wakaongeza 4 zao. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa, na nguo ikaharibika. Tangu hapo nimesimamia oda za binamu wawili, shemeji mmoja na jirani aliyehamia Muscat. Haya ni mambo ambayo ningependa mtu aniambie kabla ya ile ya kwanza.

1. Jua jina la unachotaka

Sherwani ni koti refu, linafika gotini au kupita kidogo, kola ya kusimama, vifungo mbele, mpasuo pembeni. Ndani huvaliwa kurta, yaani shati refu. Chini ni churidar, ile suruali ya kubana inayojikunja kwenye vifundo kama bangili, na jina lake limetoka huko huko kwenye bangili. Asiyetaka kubanwa miguu anaagiza suruali nyembamba ya kawaida, na hakuna atakayemcheka.

Achkan ni ndugu wa sherwani, mwepesi na mwenye kubana mwili zaidi. Bandhgala, wengine huiita Jodhpuri kwa ajili ya mji wa Jodhpur kule Rajasthan, ni koti fupi la kola iliyofungwa linalovaliwa na suruali ya suti. Bandi ni kizibao cha kola hiyo hiyo, kizuri kwa wasimamizi na ndugu wa bwana harusi wanaotaka kufanana bila kumfilisi mtu.

Kwa wengi wetu wa pwani akdi ni kanzu, kofia na joho, na sherwani inangoja usiku wa ukumbini. Kama ndivyo, unaagiza nguo ya saa nne au tano ndani ya kiyoyozi, na unaweza kubeba uzito. Kama sherehe ni ya wazi msimu wa kaskazi, Januari au Februari, nakushauri bandhgala au achkan ya nakshi chache. Sherwani ya mahameli iliyodariziwa kifua kizima ina uzito wa kilo kadhaa, na picha za bwana harusi anayevuja jasho hazifutiki. Bandhgala nayo utaivaa tena kwenye harusi ya mwenzio. Sherwani ya maua ya dhahabu ukiivaa mara ya pili watu watauliza kama unaongeza mke.

2. Hesabu siku ukirudi nyuma

Chukua tarehe ya harusi, rudi nyuma miezi minne. Hapo ndipo mazungumzo yaanze. Darizi ya mkono inakula wiki kadhaa, kushona ni siku chache, safari ni kama wiki moja, forodha Mungu ndiye ajuaye, na wiki tatu za mwisho uziache kwa fundi wako wa nyumbani.

Halafu tazama kalenda yao. Kaskazini mwa India msimu wa harusi za Wahindu hufunguka baada ya Diwali, unakwenda hadi katikati ya Desemba, kisha unarudi baada ya sikukuu ya Makar Sankranti, Januari 14 hivi. Miezi hiyo karakana zimejaa, na siku zenyewe za Diwali, Oktoba au Novemba, hakuna anayepokea simu.

Wenzetu wengi husahau jambo la pili. Mafundi wa zardozi, yaani darizi ya nyuzi za dhahabu na fedha, wa Lucknow, Bareilly na Delhi ya zamani, wengi wao ni Waislamu. Kumi la mwisho la Ramadhani wanaanza kurejea makwao, na Idi ikiisha hawarudi kesho yake. Sisi nasi tunaoza Shaabani kabla mwezi haujaandama, halafu tena Mfungo Mosi. Mwenye harusi ya Mfungo Mosi akiagiza Shaabani, kazi yake inaangukia mikononi mwa watu waliofunga, wanaoharakisha, wenye oda za Idi za mji mzima. Aagize mwanzoni mwa Rajabu, au kabla, na nguo iwe imetoka India kumi la mwisho halijaingia.

Saa nazo zina hesabu yake. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Maduka ya Chandni Chowk, Delhi, hufunguliwa karibu saa tano asubuhi ya kwao, kwetu ni saa mbili u nusu. Jumapili yamefungwa. Usimpigie mwenye duka saa mbili usiku ya Dar halafu ukasema hana adabu.

3. Mtafute fundi kabla ya picha

Picha ile ile ya yule mcheza filamu utaikuta katika maduka kumi, na huenda hakuna hata moja lililoishona. Omba simu ya video ukiwa unaona rafu za duka nyuma yake. Kisha omba ageuze nguo moja ndani nje mbele ya kamera. Mwenye kazi nzuri hufurahia ombi hili. Utaona bitana imeshonwaje, kama kingo za mshono zimefungwa, na upande wa nyuma wa darizi unafananaje.

Upande huo wa nyuma una mengi ya kusema. Darizi ya mashine, wao huiita kazi ya kompyuta, nyuma ina uzi mwingine wa chini unaokwenda sawasawa kila mahali, mara nyingi mweupe au mweusi. Ya mkono ina mafundo, ina sehemu uzi umevushwa kutoka jani moja kwenda jingine, na hakuna maua mawili yaliyolingana kabisa. Mashine haina aibu, ni rahisi na haina uzito, hata mimi ningeichukua kwa nguo ya usiku mmoja. Aibu ni kulipia mkono ukaletewa mashine.

Mahali pa kuanzia: Delhi kwa wingi wa chaguo, Hyderabad kwa sherwani za mkato wa kizamani uliotulia, Lucknow kwa zardozi na pia chikankari, ile darizi ya uzi mweupe ambayo juu ya kurta inapendeza sana. Mumbai ina maduka yaliyozoea kutuma nje.

Duka nyingi hazina karakana, zinapeleka kazi kwa watu wengine vichochoroni. Hilo si kosa, ila omba kuzungumza japo mara moja na anayekata kitambaa. Kule wanamwita masterji. Utakapomsikia akisema rang, zari na dukaan utajisikia umefika kwa shangazi. Muulize swali moja: vipimo mnavyotaka ni vya mwili au vya nguo iliyokamilika? Masterji wa kweli atajibu mara moja, na ataendelea kukueleza anaongeza inchi ngapi kifuani na ngapi tumboni. Mwenye duka akikujibu "tuma tu, saizi yako ni M au L?", mshukuru na ukate simu.

4. Kitambaa, na mtego wa neno moja

Ukiona kwenye maelezo ya bei wameandika "art silk", usidhani ni hariri ya kisanii. Ni kifupi cha hariri ya bandia, mara nyingi poliesta au rayoni. Hawakudanganyi, ni neno la biashara kule na kila mtu anajua maana yake isipokuwa wewe. Hariri halisi huuzwa kwa jina la aina yake, na India kuna nembo ya Silk Mark, iliyoanzishwa 2004 chini ya bodi ya hariri ya serikali, inayofungwa kwenye bidhaa za hariri tupu.

Omba wakutumie vipande vya sampuli kwa posta, vya ukubwa wa kiganja. Gharama yake ni ndogo kuliko kukosea rangi. Simu hudanganya rangi, na pembe ya ndovu ya Delhi chini ya taa za duka inaweza kufika hapa ikawa manjano ya maembe. Vikifika, chomoa nyuzi mbili tatu, uziwashe juu ya sahani. Hariri inanuka kama nywele zilizoungua na inabaki jivu la kusagika kwa vidole. Poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Fanya hivyo kwa rangi zote unazofikiria, kisha tembea na vile vipande hadi kwa mwenye gauni la bibi harusi. Wengi hulinganisha rangi kwenye simu halafu wanashangaa ukumbini.

Bitana usiisahau. Wasipoambiwa watatia ya poliesta inayoteleza, na ndani yake utaiva kama ndizi kwenye gunia. Taja kwa maandishi kwamba unataka ya pamba, angalau mgongoni na kwapani.

5. Vipimo

Hapa ndipo ukae. Kwanza uelewe kwa nini kosa la kipimo kwenye sherwani ni baya kuliko kwenye suti.

Kitambaa cha sherwani hudariziwa kikiwa hakijakatwa. Hutandikwa juu ya fremu ya mbao inayoitwa adda, kikavutwa hadi kikawa kama ngozi ya ngoma. Mchoro umeshatobolewa kwa sindano juu ya karatasi, tundu kando ya tundu, na karatasi hiyo huitwa khaka. Huiweka juu ya hariri, wakapangusa kwa kitambaa kilicholowa rangi, nukta zikapenya kwenye matundu, na wakiinua karatasi ua limebaki kwenye nguo. Ndipo karigar, yaani mafundi wa darizi, wawili watatu wakakaa pande za fremu, mkono mmoja juu mmoja chini, wakaanza kushona zari. Nakshi ya kola, ya ukingo wa vifungo, ya mwisho wa mikono na ya pindo la chini, zote zimechorwa kwa ukubwa wako. Masterji anakuja kukata baada ya hapo.

Kwa hiyo kipimo chako kinafungwa siku ya khaka. Ukituma ujumbe wiki mbili baadaye kwamba mkono uongezwe inchi moja, inchi hiyo haipo tena, imeshashonewa dhahabu.

Sasa futi. Chukua futi mpya ya fundi, ile ya zamani ya kitambaa huvutika na inaweza kukuibia nusu inchi. Pima kwa inchi, maana ndiyo lugha yao, wala usigeuze kutoka sentimita kichwani. Apimwe mtu aliyevaa fulana nyepesi na suruali nyembamba, miguu sawa, mikono imelegea, anapumua kawaida. Mpimaji awe mtu mwingine. Mwambie fundi wako waziwazi: "Fundi, leo usiongeze kitu, nataka mwili mtupu." Mwambie mara mbili, kwa sababu mkono wake umezoea.

Kifua: chini ya kwapa, kwenye unene wa juu kabisa, futi ilale sawa mgongoni.

Tumbo: kwenye kitovu, na hapa wanaume ni waongo. Usivute tumbo ndani. Sherwani imefungwa vifungo mpaka chini ya kiuno, na ukikaa kula biriani ile inchi uliyoificha itadai haki yake kwenye kifungo cha nne.

Makalio: unene wa juu kabisa. Kwa suti wengi hawajali, kwa sherwani ndicho kinachoamua kama mpasuo wa pembeni utalala au utaachama.

Mabega: kutoka mfupa wa bega hadi mfupa wa bega ukipita mgongoni. Ukikosea popote usikosee hapa, maana bega halirekebishiki bila kuing'oa mikono yote miwili.

Mkono: kuanzia mfupa wa bega, kiwiko kimekunjwa kidogo, hadi mfupa wa kifundo cha mkono. Pima yote miwili. Binamu yangu aliyecheza mpira wa wavu ana tofauti ya nusu inchi na hakuwahi kujua.

Shingo: kwenye mzizi wake, ukiwa umeweka kidole kimoja ndani ya futi. Taja pia unataka kola yenye kimo gani. Mwenye shingo fupi asichukue kola ndefu ya kwenye picha.

Urefu: kutoka pale bega linapokutana na shingo, kushuka mbele juu ya kifua, hadi unapotaka nguo iishie. Pima umevaa viatu vya siku hiyo au vyenye kisigino sawa. Pindo likiwa na nakshi halikatwi tena, kwa hiyo urefu uwe ule ule unaoutaka.

Churidar ina vipimo vyake. Watahitaji kiuno, paja, goti, shavu la mguu na urefu wa kiuno hadi kisigino. Usiongeze urefu wa ile mikunjo, wao wanaiongeza. Kipimo kinachosahaulika ni kile cha kuzunguka kisigino na juu ya wayo, mguu ukiwa umenyooshwa, kwa sababu wayo wote lazima upite kwenye tundu dogo kuliko unavyofikiri. Wachezaji wa mpira wenye mashavu ya miguu manene waagize suruali ya kawaida tu, wajiepushe na vita hivyo.

Andika yote kwenye karatasi moja, piga picha, na juu kabisa andika kwa Kiingereza kwamba hivi ni vipimo vya mwili, hakuna kilichoongezwa. Kisha waombe wakurudishie orodha ya pili: vipimo vya nguo watakayoshona. Weka orodha hizo kando kwa kando. Kifua cha mwili 39 kikirudi kama nguo ya 43, sawa. Kikirudi 47, umeokoa mifuko yako.

Ambatanisha picha tatu za mwili mzima: mbele, ubavu, mgongo. Simu iwe usawa wa kifua, mpigaji asimame mbali. Masterji anaona humo yale ambayo namba hazisemi, kama bega moja limeshuka, kama mgongo una kibyongo kidogo cha kukaa ofisini, kama tumbo limeanza juu au chini.

6. Jaribu kwanza kwa marekani

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Ukishapata orodha ya vipimo vya nguo kutoka kwao, mpelekee fundi wako pamoja na mita chache za marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Akate na kushona ganda tu la koti kwa namba zile zile walizotuma. Halihitaji bitana wala vifungo, atabana kwa pini.

Livae. Simama, kaa kitako juu ya mkeka, inua mikono yote miwili kama unaomba dua, kumbatia mtu. Kama utaivaa hata kwenye akdi, jua huchukua muda, na sherwani inayobana mapajani utaijua ukiwa umekunja miguu mbele ya shehe. Panapovuta, fundi apaguse kwa chaki na kuandika nusu inchi hapa, robo pale. Piga picha zenye hizo alama, tuma Delhi. Ukifanya hivyo kabla ya khaka, hawatakuwa na sababu ya kukataa.

Njia nyingine ni kuwaomba watume kurta kwanza. Kurta inashonwa upesi, ni ya bei ndogo, na utaihitaji hata hivyo. Shida yake ni nafasi nyingi mwilini, inaficha makosa.

7. Oda iandikwe, pesa ziende kwa awamu

Ujumbe wa sauti hauwezi kuwa mkataba. Pata karatasi ya oda yenye kila kitu: kitambaa kwa jina, rangi kwa namba ya sampuli, darizi ya mkono au mashine na sehemu gani, bitana, idadi ya vipande, tarehe ya kutoka karakana, bei, na bei hiyo ni rupia au dola. Halafu ongeza mistari hii miwili. Wa kwanza: kitambaa cha akiba kisichopungua inchi moja kibaki ndani ya kila mshono wa ubavuni na wa mgongoni. Wa pili: nusu mita ya kitambaa kile kile, vifungo vinne na kibunda cha zari vije ndani ya kifurushi. Nusu mita hiyo ilimwokoa shemeji yangu, aliyenenepa inchi mbili kati ya posa na harusi, na fundi akamchomekea kipande kwapani ambacho hakuna aliyekiona.

Arbuni ya theluthi hadi nusu ni kawaida. Salio lilipwe baada ya kuona video ya nguo iliyokamilika, ikiwa na futi juu yake: kifua, bega, mkono, urefu. Anayetaka zote mwanzoni, na kwa akaunti ya jina lisilofanana na la duka, mpe kheri. Kadi ya benki ni salama zaidi, maana mzigo usipofika unaweza kudai kupitia benki yako. Ukituma benki kwa benki utaulizwa msimbo wa SWIFT, unaotambulisha benki, na pengine wa IFSC, unaotambulisha tawi lake kule India na wenye tarakimu na herufi 11. Kubaliana mapema nani anabeba makato ya benki za njiani, la sivyo wao watapokea pungufu na nguo itabaki mezani.

8. Njiani na forodhani

Kampuni za vifurushi hulinganisha uzito wa kweli na ukubwa wa boksi, kisha hukutoza ulio mkubwa. Urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5000. Boksi la 50 kwa 40 kwa 20 ni kilo 8, hata kama nguo ina kilo 3. Ikikunjwa vizuri kwenye boksi la 40 kwa 35 kwa 12 ni kilo 3.4 hivi. Ndiyo maana sipendi kuagiza kilemba kilichofungwa tayari: unalipia hewa. Agiza kitambaa chake, kitafungwa hapa.

Nchi za Afrika Mashariki zina ushuru wa pamoja, na tangu Julai 2022 nguo zilizoshonwa zimewekwa daraja la juu la asilimia 35. VAT inakuja juu ya thamani pamoja na ushuru. Tuseme nguo ni dola 300 na usafiri 50. Ushuru wa 350 ni 122.50, jumla 472.50. VAT ya Tanzania, asilimia 18, ni 85.05. Umeongeza dola 207 na ushei kabla ya tozo ndogo na malipo ya wakala. Kenya VAT ni 16, kwa hiyo ni kama 198. Muscat kuna nafuu, ushuru 5 na VAT 5. Walioko Marekani wajue kwamba msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800 uliondolewa Agosti 29, 2025, na wengi bado wanapewa ushauri wa zamani.

Muuzaji atakunong'oneza aandike "zawadi, dola 40". Usikubali. Afisa wa forodha ana macho, anaona zari, na atakadiria thamani mwenyewe. Halafu boksi likipotea, bima italipa hizo 40.

9. Ikifika

Fungua huku mtu anarekodi video, tangu kukata utepe wa boksi. Pima nguo kabla ya kuivaa, linganisha na karatasi ya oda. Kisha rudia majaribio ya marekani: kaa, inua mikono, kumbatia.

Kupunguza ni rahisi, kuongeza kunategemea ile akiba ya mshono. Mkono wenye nakshi mwishoni ukiwa mrefu haukatwi chini, unafupishwa kutokea begani, na kazi hiyo mpe fundi wa suti anayejua kutoa na kurudisha mkono. Viatu vya mojari vya kizamani havina kulia wala kushoto, vyote sawa, na siku ya kwanza vinauma kama deni. Namba 42 ya Ulaya kule ni kama 8. Vivae nyumbani jioni tatu nne vizoee mguu wako. Vikikataa, makubadhi mazuri ya Lamu yanakaa na sherwani bila ugomvi.

Pasi isiguse zari. Geuza nguo, tandika taulo, piga pasi ya vuguvugu kwa nyuma. Manukato ya kupuliza yanaifanya zari iwe nyeusi, kwa hiyo jipulize mwili kwanza, yakauke, ndipo uvae. Kufukiza udi hakuna neno, ila chetezo kiwe mbali kidogo, cheche moja inatoboa hariri. Itundike ndani ya shuka la pamba, si kwenye nailoni.

Churidar ina namna yake ya kuvaliwa. Wahindi huvalia mfuko wa plastiki mguuni ili wayo uteleze. Kwetu mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, basi tumia soksi laini ya hariri bandia, ukishapitisha mguu uivute itoke. Kiunoni haina zipu wala mkanda, ina kamba tu, naala. Bwana harusi aifunge mwenyewe, kwa fundo la kuvuta upande mmoja likafunguka. Yule binamu wa mpira wa wavu alifungiwa na wajomba zake wawili kwa fundo la mashua, na usiku ule mkasi ulitafutwa nyumba nzima.